Luhende Alikosea Hapa

Vijana wangu wa mtambo,

Siku ya kuniaga mliniletea keki, na juu yake mlikuwa mmeandika kwa krimu nyekundu: FUNDI ASIYEKOSA MAJI. Nikaomba kisu, nikayakwangua maandishi yote kabla ya kukata, nikayapaka pembeni ya sahani. Mkacheka, mkasema mzee ameanza vituko vya kustaafu. Mama wa mapokezi alininunia hadi mwisho wa sherehe, maana yeye ndiye aliyeiagiza keki. Sikuwaeleza siku ile kwa sababu spika zenu zile hazimwachi mtu amalize hata sentensi moja. Sasa nina muda. Nipo nyumbani Dutwa, mahindi yameshapaliliwa, na mke wangu amechoka kuniona sebuleni. Acha niandike.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo mnavijua, na mshahara ni huohuo mnaoulalamikia ninyi.

Nilianza kazi Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga. Nilitoka jineri, nilikokuwa nabeba marobota ya pamba, nikadhani kazi ya maji ni kukaa kivulini kando ya bomba. Siku ya kwanza nikakabidhiwa nyundo, waya mrefu kwenye rola, na dumu la maji ya chumvi. Aliyenikabidhi alikuwa Mzee Luhende, mpimaji wetu, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama iliyokuwa nyeusi zamani. Akanitazama mikono, akasema, "Sitta, wewe una mikono ya kazi. Kichwa tutakitafuta polepole." Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi.

Ninyi leo mna mashine inayowachorea picha ya chini ya ardhi. Sisi tulikuwa na kisanduku, vyuma vinne na ule waya. Unapiga vyuma ardhini, unapitisha umeme, unasoma namba, unavisogeza mbali zaidi, unasoma tena. Namba zinakuambia kama chini kuna mwamba mzima au mwamba uliopasuka, ambao ndio unaoweza kushika maji. Sasa ardhi ya Meatu wakati wa kiangazi imekauka kama tofali na umeme hauingii, kwa hiyo kila chuma unakimwagia kwanza maji ya chumvi. Mtu asiyeijua kazi yetu akiona mzee wa pama anatembea mbugani, anamwaga maji ya chumvi chini na kunong'ona namba, hana haja ya kuuliza. Anajua ni tambiko.

Kila kijiji walikuwa wanaamini hivyo, na kila kijiji Mzee alikuwa anawakatalia. Alikuwa mzee wa kanisa, hataki mchezo kwenye hilo. Wakimwita Mwenye Maji, anawajibu palepale, "Mwenye maji ni Mungu. Mimi ni mpimaji." Halafu anawaita watoto wa shule waje wapige vyuma wenyewe, washike waya, wasome namba, ili waone hamna uganga.

Alikuwa na taratibu zake tatu na alinichapa nazo mpaka zikaniingia. Kwanza, hapigi kigingi kimoja. Anapima sehemu mbili, anapiga kigingi cha kwanza pale panapofaa zaidi, na cha pili pale pa akiba. Pili, akishapiga vigingi anakiambia kijiji kizima, kwa sauti, "Hii ni dalili, siyo ahadi." Tatu, anavua pama na kuomba. Sala yenyewe fupi, dereva wetu alikuwa bado anatafuta pa kuweka sigara na tayari imeshafika amina. Mimi nikahamia kwenye mtambo, nikajifunza kuchimba, lakini tuliendelea kutembea pamoja miaka mingi. Yeye anapima, mimi nachimba. Chochote ninachokijua cha kazi hii, nilikitoa kwake.

Basi ukaja msimu mmoja, sijui niuiteje. Kila tulipochimba tulipata. Maswa tukapata. Tukavuka kwenda Meatu, nchi ambayo mtambo ulikuwa umezoea kutoa vumbi tu, tukapata kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, hakuna kilichotuangusha. Maji matamu, siyo yale ya magadi. Wanaume wazima walikuwa wanajimwagia na nguo zao. Tukichinjiwa mbuzi hapa, kijiji cha mbele wana mbuzi wao wameshamfunga wanatusubiri. Sikatai, tulinenepa.

Wacheza ngoma wakamtungia Mzee wimbo. Sisi Wasukuma mnatujua, mtu akifanya jambo kubwa haachwi bila wimbo, na wimbo ukishaingia kwenye ngoma unatembea haraka kuliko lori letu. Tulikuwa tunafika kijiji ambacho hatujawahi kukanyaga, tunakuta watoto wanauimba. Mwenye Maji, Mwenye Maji, akikanyaga jiwe linalia machozi. Kwa kweli ulikuwa wimbo mzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nauimba nikiosha mtambo.

Sitasema Mzee alibadilika siku moja. Ilikuwa kidogokidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Wakamwita Mwenye Maji akiwa amechoka, akaacha kuwajibu. Kesho yake hakuwa amechoka na hakuwajibu pia. Kuwaita watoto washike waya kukaisha, eti wanachelewesha. Yale maneno ya dalili siyo ahadi yakapotea, na kweli yangekuwa ya nini wakati kila mahali maji yanatoka? Kigingi cha pili kikawa kinapigwa siku nyingine, siku nyingine hakipigwi. Pama ikabaki kichwani.

Hili ndilo ninalotaka mlishike. Tulipokuwa tunakosa maji, yule mzee alikuwa anaomba. Tulipoanza kupata, aliacha, na hakuna aliyemshitua, hata mchungaji wake, maana mchungaji naye alikuwa anamsifia madhabahuni. Mtu akianguka kwa pombe watu wanamwonya. Akianguka kwa kusifiwa, wanaomwangusha ndio haohao wanaopiga vigelegele, na yeye mwenyewe anaamini anabarikiwa.

Tukafika kijiji kimoja mbele ya Mwanhuzi. Sikitaji, wamepata shida ya kutosha. Maji yao yalikuwa ya kufukua mchangani, kwenye mto uliokauka. Wanawake wanaondoka alfajiri, wanasubiri shimo litoe kidogo, wanachota kwa kikombe. Ng'ombe walikuwa wameshahamishwa. Tulipewa kibali cha kuchimba kisima kimoja tu pale, mtambo ulikuwa unasubiriwa kwingine.

Walitupokea kwa ngoma, na wimbo ule ulikuwa na mistari mipya. Mzee akapima upande wa uwanja wa shule, karibu na pale palipochezwa ngoma, mahali ambapo viongozi walipataka. Nilimwona anasoma namba, anakunja uso. Akapima pia ng'ambo, nyuma ya ua wa minyaa, akasoma, akasoma tena. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mwenye Maji, sisi tunaomba hapa uwanjani, hapa penye watu." Mzee akafunga kisanduku, akatembea katikati ya uwanja, watu wote wanamwangalia, akakanyaga chini kwa kisigino mara moja kama kwenye wimbo.

"Hapa," akasema.

Vigelegele hivyo. Nikamletea kigingi, nikamuuliza taratibu, "Mzee, na cha pili?"

"Cha pili cha nini, Sitta?"

Nikapiga kimoja.

Jioni, tunapanga mabomba ya kuchimbia, akaja bibi kizee mmoja anatembea kwa fimbo. Jina lake Bibi Ng'washi. Mjane, anakaa peke yake, nyumba yake ya mwisho kijijini, nyuma ya ule ua wa minyaa. Macho yake yalikuwa mekundu sana. Kuni hazipo nchi ile, wanapikia kinyesi cha ng'ombe, na ule moshi miaka yote hiyo unaua macho. Ninyi mliozaliwa huku sihitaji kuwaambia macho mekundu ya bibi kizee, yanayoitwa ya uchawi, yamewahi kugharimu nini. Akatusalimu vizuri, akauliza chuma hiki kinaingia mpaka wapi, akalishika bomba moja kwa mikono miwili. "Na mimi nimelishika," akasema, "yakitoka mseme na Ng'washi alishika." Tukacheka naye, akarudi kwake.

Asubuhi tukawasha. Kijiji kizima kilikuwa pale, mabeseni yamepangwa, mbuzi amefungwa, wapiga ngoma wamekaa tayari. Bibi Ng'washi alikuwa mbele kabisa na kibeseni chake cha bluu.

Mnajua vumbi la kisima linavyosema. Linatoka jekundu, linakuwa kijivu, halafu ukiona linaanza kushikana kama unga uliotiwa maji kidogo, moyo unatulia. Letu lilitoka kijivu likabaki kijivu. Kavu, la moto, linaingia puani. Mzee alikuwa anaokota, anasugua vidoleni, anatupa. Nikamtazama, akanionyesha kwa mkono, endelea. Nikaongeza bomba. Vumbi. Nikaongeza jingine. Saa za kula zikapita. Nilipounga bomba la mwisho tulilokuwa nalo, watoto walikuwa wameshalala mapajani mwa mama zao. Likaingia lote. Vumbi.

Nikazima. Kompresa ikinyamaza baada ya kupiga kelele kutwa, kimya chake kinatisha.

Nilitegemea walie, au watutukane. Hawakufanya hivyo. Mzee mmoja wa kijiji akasema kwa utulivu kabisa, "Mwenye Maji hakosei. Maji yapo. Yamefungwa."

Likapita kwenye watu wote lile neno, yamefungwa, yamefungwa. Kijana mmoja akauliza nani alikuja hapa jana jioni. Mwingine akasema alimwona Bibi Ng'washi ameshika bomba kwa mikono miwili. Waliokuwa wamekaa karibu na bibi wakainuka, wakasogea pembeni. Akabaki peke yake na kibeseni chake, anageuza kichwa huku na huku, haelewi. Halafu akaelewa. Nilimwona alipoelewa, na sura ile bado ninayo.

Nikapayuka kutoka juu ya mtambo, "Hata mimi nililishika! Sisi wote tumelishika!" Nani amsikilize mchimbaji mwenye vumbi hadi kope? Mwenyekiti akamgeukia Mzee. "Sema wewe, Mwenye Maji. Maji yapo au hayapo?"

Oneni swali hilo. Akisema yapo, heshima yake inabaki nzima, wimbo unaendelea, na bibi yule hafiki kesho. Akisema hayapo, basi yeye si Mwenye Maji, ni mzee aliyepoteza kisima pekee cha kijiji kwa kisigino. Hakuhitaji hata kudanganya. Kunyamaza kulitosha, wangemalizia wenyewe.

Na akanyamaza. Niwaambie ukweli, alinyamaza. Huyu ni mtu aliyenifundisha kazi, aliyesimamia ndoa yangu, na pale nilimwona anapima. Alikuwa anapima jina lake upande huu na bibi upande huu. Nikashuka kwenye mtambo, nikamsogelea, nikamwambia, "Mzee, sema. Tafadhali sema."

Akavua pama. Sikuwa nimekiona kipara chake mbele za watu kwa muda mrefu. Akatembea hadi kwa Bibi Ng'washi, akapiga magoti kwenye lile vumbi, mwanamume mzima mwenye mvi, akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia mama yake. "Mwadila, mayu."

Akageuka akiwa bado amepiga magoti. "Hakuna aliyefunga maji. Hapa hayapo. Jana mashine iliniambia hayapo na mimi nikaikatalia kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Mimi nimekosea. Huyu mama hajafanya lolote."

Mnadhani waliamini? Hapana! Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Yule mzee wa kijiji akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mwenye Maji ana moyo mzuri, anamfichia." Watu wakaitikia. Sifa alizokuwa ameziacha zimee zilikuwa zimeota mizizi, sasa hata yeye mwenyewe hawezi kuzing'oa. Kila alivyozidi kujishusha, ndivyo walivyozidi kumwona mtakatifu, na bibi mchawi.

Mzee akainuka, akaniambia, "Sitta, changanya saruji."

Shimo kavu tunaliziba, ninyi mnajua, mtoto asije akatumbukia. Nikachanganya, nikamwaga, nikasawazisha. Akaokota msumari, akainama, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, watu wote wamezunguka. LUHENDE ALIKOSEA HAPA. Akamwita mwalimu wa shule, akamwambia asome kwa sauti. Mwalimu akasoma. Akamwambia asome tena, kwa Kisukuma. Kisha akawaita watoto wa shule, wote, akawapa vyuma na waya, kama zamani. Wakapima pale uwanjani, mwalimu akaandika namba ubaoni. Wakaenda nyuma ya ua wa minyaa, wakapima, akaandika namba pembeni yake. Mzee akaeleza tofauti mpaka mtoto wa darasa la nne akainua mkono akasema, "Kumbe ulijua!"

"Nilijua," Mzee akajibu.

Watu wakacheka kidogo, kwa uchungu, na katika kicheko hicho niliona hasira inahama. Ilimhama bibi ikamjia yeye. Mama mmoja akapiga teke beseni lake likaviringika hadi miguuni kwa Mzee. Akamwambia mbele ya mwenyekiti, "Wanangu watakunywa nini? Kisigino chako?" Mzee akasema, "Una haki, mayu." Mbuzi alifunguliwa akapelekwa nyumbani akiwa hai, na hiyo ndiyo siku pekee nilifurahi kuondoka na njaa.

Hatukuondoka mara moja lakini. Mzee alikataa. Tuliegesha lori mlangoni kwa Bibi Ng'washi, tukakaa pale mpaka mchungaji wa pale na mwenyekiti wakaja wote wawili kumwahidi kuwa hakuna atakayemgusa. Bibi alitupikia uji kwa maji yake ya akiba. Mzee alishika kile kikombe kwa muda mrefu kabla hajanywa.

Ofisini Bariadi aliandika taarifa yake bila kupindisha, akaitwa, akasemwa, wakamweka dawatini kwa muda. Ule wimbo ulikufa wenyewe. Aliporudishwa mbugani akaanza tena kuomba, na safari hii dereva aliweza kumaliza sigara nzima. Msimu hadi msimu alikuwa anagonga milango ya watu kuomba mtambo urudi kwenye kile kijiji, mpaka wakubwa wakawa wanajificha wakimwona. Wakati huohuo akina mama wale walikuwa bado wanafukua mchanga. Msilisahau hilo mkimhurumia Mzee.

Kibali kilipotoka alikuwa amebakiza kidogo astaafu. Tulienda wawili, yeye na pama yake, mimi na mtambo. Walitupokea bila ngoma. Akapima nyuma ya ua wa minyaa, akapiga kigingi cha kwanza, akapiga cha pili. Akasimama mbele ya watu wote. "Hii ni dalili," akasema, "siyo ahadi." Akavua pama.

Vumbi lilitoka jekundu, likawa kijivu, halafu likaanza kushikana. Sikumwambia mtu, nilishika tu usukani wa mtambo machozi yananitoka. Maji yaliporuka, yaliruka juu kuliko mtambo, yakatulowesha wote, na watu wakaanza kupiga kelele, kisha kijana mmoja akapata wazo, akaanzisha kwa nguvu zote: "Mwenye Maji! Mwenye Maji!" Wengine wakadakia.

Bibi Ng'washi alikuwa mlangoni kwake, hatua chache tu, na kibeseni chake cha bluu kimejaa. Alikuwa amezeeka zaidi, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Akainua fimbo, akaigonga mlangoni mpaka wakageuka.

"Nyamazeni!" akasema. "Mnataka kuniua tena?"

Wakanyamaza wote. Yakasikika maji peke yake.